Kiboko wa Mama Mkwe

Wateja wangu, mmeniuliza vya kutosha. Kila anayeketi kwenye kiti changu huniuliza swali lile lile kabla sijagusa kitana: "Mama Swaumu, ni kweli?" Nami nikianza kusimulia mikono inasimama, mtu anabaki na kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, na waliopo kwenye benchi wananung'unika. Basi nimeandika yote. Karatasi hizi zitakaa pale chini ya kioo. Ukisubiri zamu yako soma, ukimaliza rudisha, na usizipake mafuta.

Kiboko asiyeaminika

Kiboko mwenyewe ni wa mama mkwe wangu, Bi Mgeni. Ni mzaliwa wa Mafia, upande wa Kirongwe. Aliolewa na Mluguru aliyekwenda kule kununua nazi, akaletwa hapa Morogoro, na mpaka leo hajapoteza lafudhi ya kwao hata chembe. Alikuja na hadithi moja: kwamba akiwa mtoto, siku moja akiokota chaza ufukweni na mama yake, alimwona kiboko anaogelea baharini. Si mtoni wala bwawani. Baharini, kwenye chumvi.

Ukoo wa mume wangu haukuiamini hadithi hiyo hata siku moja. Kinara wa kucheka ni Baba Mdogo Salumu, mdogo wake marehemu baba mkwe. Yeye na Bi Mgeni ni mashemeji, kwa hiyo utani ni haki yao. Iwe harusini, iwe msibani, atasogea tu: "Shemeji, kiboko wako hajambo?" Naye Bi Mgeni humjibu bila kugeuza shingo: "Hajambo, anakusalimia." Watu hucheka, chai inaendelea kunywewa.

Ila mwaka huu binti yangu Swaumu alisimama darasani akasimulia kiboko wa bibi yake. Darasa zima likamcheka, mwalimu naye akasema bibi alikuwa anamtania tu. Mtoto alirudi nyumbani macho mekundu, akamwuliza Bi Mgeni mbele yangu, "Bibi, kwa nini uliniongopea?"

Tangu jioni ile Bi Mgeni hakusimulia tena kitu. Wajukuu wakimwomba hadithi anasema koo linamuuma. Baba Mdogo alipokuja na salamu zake za kiboko, alimtazama tu, kisha akaenda kuanua nguo. Mimi nimeishi na mdomo wa mama mkwe huyu miaka mingi na nimeulalamikia sana, nyie mashahidi. Lakini ukimya wake ulinitia hofu zaidi.

Ndipo asubuhi moja akaniita. "Mama Swaumu, twende Mafia."

"Mimi na wewe, mama? Kwa nini usiende na mwanao?"

"Mwanangu akisema amemwona, watasema anamtetea mama yake. Wewe ni mkazamwana. Tangu lini mkazamwana akamsemea uongo mama mkwe wake?"

Nikafikiri, nikaona ana haki. Tena mimi nimezaliwa Mikumi, kiboko namjua kama nyie mnavyomjua mbuzi. Ushahidi wangu ulikuwa mzito kila upande. Nikafunga saluni.

Morogoro hadi Nyamisati

Tulipanda treni ya umeme. Bi Mgeni alikuwa amebeba mkungu wa ndizi za milimani kwa ajili ya mdogo wake, Mjomba Haji, na hakutaka mtu auguse. Aliukalisha miguuni, akavua viatu, akatulia. Treni ile haitikisiki wala haipigi kelele. Tulikuwa tumeshapita Ngerengere aliponigeukia na kuniuliza kwa hasira ya mtu aliyechoka kungoja, "Kwani hii inaondoka lini?"

Dar es Salaam hatukukaa. Mbagala tukapata basi la Nyamisati, bandari ya boti za Mafia, likatubeba vizuri mpaka Bungu, hapo gurudumu likapasuka. Watu wote wakashuka, wakatoa ushauri. Kila abiria alikuwa fundi isipokuwa fundi mwenyewe, ambaye alikuwa amelala chini ya basi na kuomba spana. Sisi tulikaa kando tukala korosho za kukaanga kwa mwanamke mmoja mpaka tukashindwa kunywa maji. Bi Mgeni alimwambia korosho zake nzuri lakini za kwao Mafia ni tamu zaidi, na mwanamke yule, badala ya kukasirika, akamwongezea kiganja kizima, ati azilinganishe vizuri.

Nyamisati: maji hayajajaa

Tulifika Nyamisati tukakuta boti ipo, abiria wapo, mizigo imepangwa, kinachokosekana ni maji. Mkondo ule unategemea bahari. Maji yakipwa, boti inakaa na wewe unakaa. Wenyeji hata hawakuuliza. Walitandika kanga, wakajilaza. Mimi nilikuwa nazunguka kama kuku anayetaka kutaga, mpaka mama lishe mmoja akanionea huruma.

"Kaa chini, dada. Bahari haina haraka na mtu. Kula wali."

Nikala wali na samaki wa kupaka, nikapoa kabisa. Bi Mgeni alikuwa ameshamaliza sahani yake na sasa yuko kazini.

"Mwanangu," akamwuliza yule mama lishe, "huku kwenu kuna viboko?"

"Huku mtoni? Wapo tele, mama. Mafuriko yakija, mto unabeba mti na mizizi yake mpaka baharini. Na kiboko naye akisombwa, utamzuia wewe?"

Bi Mgeni alinipiga kiwiko cha ubavuni, nusura nimwage chai. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Lakini kusikia si kuona."

Maji yalijaa, tukapanda. Kuhusu kuvuka kwenyewe sina mengi ya kusema, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimeinamia mfuko wa plastiki. Mama mkwe wangu alikaa wima, akatafuna korosho zake. Katikati ya bahari, pande zote maji matupu, akaniambia, "Baba Mdogo wenu husema njia ya mwongo ni fupi. Hebu itazame hii yangu."

Kilindoni: kiboko ya bahari

Kilindoni, mji wa Mafia ambako boti hushusha watu, tulilala kwa mama mmoja jirani na gati. Asubuhi tukiwa tunakunywa chai na vitumbua, akaingia mwanamume mpana, ana kofia ya kiua na sauti ya kuita watu ng'ambo. Huyo ndiye Nahodha Jumbe. Akamwamkia Bi Mgeni shikamoo, Bi Mgeni akaitikia marahaba na hapo hapo akauliza shida yake.

"Mwanangu, nimetoka Morogoro nataka kuona kiboko. Baharini."

"Kiboko?" Nahodha akapiga meza. "Mama, umefika! Kiboko ya bahari yote hii iko hapa hapa mbele ya gati. Watu wanatoka Ulaya kumfuata."

"Baharini kweli?"

"Baharini, mama. Mkubwa kushinda chombo changu."

"Ana meno?"

"Vimeno vidogo tu. Hana shida na mtu."

Bi Mgeni akaninong'oneza, "Labda kazeeka." Mimi nilipaswa kushtuka hapo. Mama mkwe alikuwa anasema kiboko *wa*, nahodha anasema kiboko *ya*, na kila aliyesoma shule anajua hayo ni mambo mawili. Lakini nani anasikiliza sarufi na kitumbua mdomoni?

Tukavalishwa majaketi ya kuokolea. Bi Mgeni alivaa lake juu ya kanga, akawa anatembea mikono imetanuka. Mashine ikawashwa, tukatoka. Hatukwenda mbali. Nahodha akapunguza mwendo, akaonyesha kidole majini, nami nikaona kivuli kinakuja chini yetu, kirefu, kimya. Kikapanda. Mgongo mpana wenye madoa meupe, kila doa mahali pake. Kisha kichwa, na kinywa kikafunguka. Wateja wangu, lile beseni langu la kuoshea nywele lingeingia mle bila kugusa pembeni. Nililia "Mungu wangu!" nikainama na simu ili nirekodi, na simu ikaniponyoka. Niliisikia ikisema chubwi. Sisemi kwamba imemezwa, ila sikuiona tena.

Bi Mgeni alikuwa amekunja uso. "Huyu potwe."

"Naam, mama! Papa potwe! Kiboko ya bahari!"

"Potwe namjua tangu sijaota meno. Kiboko yuko wapi?"

"Si ndiye huyo!"

"Huyo samaki!"

"Ndiyo, samaki! Kiboko yao wote!"

"Mimi nataka kiboko mwenye miguu minne!"

Nahodha akatutazama mmoja mmoja. Halafu akaelewa, akakaa chini kwa kicheko, akapangusa macho kwa kofia yake. "Mwenye miguu? Tena baharini? Mama, wee!"

Kilikuwa kicheko kizuri, hakina ubaya, lakini mimi nilikuwa namwangalia mama mkwe wangu na nikaona anavyokipokea. Kilikuwa kicheko kile kile cha Morogoro, sasa kimemfuata mpaka kwao. Niliumia kweli. Potwe akazunguka chombo mara nyingine, polepole, kama mwenye nyumba anayeaga wageni. Bi Mgeni akamtazama mpaka akazama. "Mashaallah," akasema. "Amenona."

Kilindoni hadi Kirongwe

Bajaji ilitupitisha Baleni, kati ya minazi na mashamba ya mihogo, na hapo ikakata pumzi. Dereva akasema inapenda kupumzika Baleni, ndiyo desturi yake. Tukanunua madafu kwa mama mmoja aliyekuwa anapalilia kando ya njia. Sikumpa Bi Mgeni nafasi, nikauliza mwenyewe, tena nikaeleza kwa makini: mnyama, miguu minne, kichwa kikubwa.

"Aa, huyo!" Akatema mate pembeni. "Yupo kule bwawani, kaskazini. Mla mpunga wa watu huyo. Mwaka jana shemeji yangu hakuvuna kitu."

Bi Mgeni alisimama akapiga kigelegele pale pale barabarani. Dereva akadhani bajaji imewaka. Nami nikafurahi sana kwa ajili yake, lakini nikajua kazi haijaisha.

"Mama, huyo ni wa bwawani. Baba Mdogo atasema bwawa si bahari."

"Najua," akasema, akakaa tena na kunywa dafu lake.

Kirongwe: mgeni njoo

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kirongwe mwenyeji alipona, mgeni ndiye aliyeugua. Bi Mgeni hakuwa ameonekana kwao tangu mazishi ya mama yao, na kila nyumba ilitaka ale. Wali wa nazi huku, pweza kule, mihogo ya nazi, mkate wa kumimina. Mimi mkwe sikuruhusiwa hata kuosha sahani, nililishwa kama anayeandaliwa kuchinjwa. Zile ndizi za milimani ziligawanywa mpaka kwa majirani, na kila aliyeonja alisema nzuri, lakini za Mafia ni tamu zaidi.

Magharibi ilipoingia, kitu kikalia juu ya mnazi, sauti ya mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa. Niliruka. Mjomba Haji, mwanamume mwembamba asiyepandisha sauti, akacheka. "Komba huyo, mkwe. Anaiba tembo kwenye kibuyu cha mgema. Akishashiba ndipo anapoanza kuimba." Nikamwona kweli, macho mawili makubwa, ameshikilia kuti na hajui vizuri limeshikwa na nani. Kumbe tukisema mtu amelewa kama komba hatumsingizii mnyama.

Kisha Bi Mgeni akauliza alichokijia. "Haji, yule kiboko wa baharini. Hajaonekana tena?"

Mjomba alichezea tasbihi yake. "Dada, wa bwawani wapo. Wa baharini... Wewe ulikuwa mdogo sana. Pengine lilikuwa gogo."

Ndugu yake wa tumbo moja! Bi Mgeni akasema, "Pengine," akaomba maji. Usiku ule tumbo likamshika. Watasema ni pweza. Mimi nasema ni lile gogo.

Ufukweni

Asubuhi Bi Mgeni hakuweza kuinuka. Bahari ilikuwa ya bamvua, maji yamekupwa sana, na Bi Tatu, mke wa Mjomba Haji, alikuwa anakwenda kutafuta pweza. "Nenda naye," mama mkwe akaniambia. "Mimi nilishamwona. Anayetakiwa kumwona ni wewe." Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa na mzaha.

Tukatembea mpaka kwenye mikoko, tukaipita, tukatoka kwenye matope na mawe wazi, maji yako mbali mbele. Bi Tatu alikuwa anachokoa mashimo kwa kijiti, mimi nimebeba kapu na kupiga kelele kila pweza anapotoa mkono. Alikuwa ameshapata mmoja. Alikuwa ananiambia nisiwe mwoga, hata watoto wanamshika, nikasikia matawi yanavunjika nyuma yetu.

Nikageuka. Alikuwa ametoka kwenye mikoko, matope mpaka tumboni. Kiboko. Hakuna mtu wa Mikumi anayehitaji kuambiwa mara mbili. Na tangu nikiwa mtoto nimefundishwa kwamba usisimame kamwe kati ya kiboko na maji, na sisi tulikuwa tumesimama hapo hapo, mahali penyewe.

"Bi Tatu, kimbia! Si mbele, pembeni!"

Nilimshika mkono, tukakimbia sambamba na ufukwe, ndala moja ikabaki kwenye matope na bado ipo huko. Kiboko hakutujali. Alitupita kwa mwendo wa mtu anayewahi kuoga, akaingia baharini. Wimbi likampiga usoni, akapiga chafya kubwa, akatikisa masikio, akaenda zake, kichwa tu kikionekana, akielekea kaskazini. Baharini. Kwenye chumvi. Bi Tatu alikuwa analia "Laa ilaha illallah" bila kupumzika. Pweza alitoka kapuni, akaondoka taratibu, na hakuna aliyemzuia.

Nikapeleka mkono mfukoni. Ndipo nikakumbuka kwamba simu yangu nilimwachia potwe.

Tulirudi mbio. Mjomba Haji alitusikiliza, akachukua fimbo akaenda mwenyewe kuangalia nyayo, akakuta maji yameshajaa. Mimi nilikuwa nimeingia chumbani, mguu mmoja pekupeku. Bi Mgeni alikuwa anakunywa uji.

"Mama, nimemwona."

"Nani?"

"Kiboko! Baharini!"

Akaweka bakuli chini polepole. "Una ushahidi?"

Nikaupapasa tena mfuko wangu mtupu.

"Picha iko wapi?" akaendelea, uso umekauka. "Labda lilikuwa gogo. Labda ulikuwa na njaa. Labda jua lilikuchoma."

Yote yalikuwa maneno yao, aliyoambiwa maisha yake yote, na niliyapokea moja moja kama makofi. Nikataka kulia. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Alipiga chafya?"

"Alipiga chafya! Wimbi lilipompiga usoni!" Halafu nikasita. "Mama, umejuaje?"

"Wa kwangu naye alipiga. Hilo sijapata kumwambia mtu. Niliona hata hilo watalicheka."

Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Nilikaa karibu naye nisijue anacheka au analia, na mimi mwenyewe nilikuwa nafanya yote mawili. Mjomba Haji alirudi, Bi Tatu yuko nyuma yake. Akasimama mlangoni, fimbo mkononi, akasema, "Dada, niwie radhi."

"Nimekuwia," akajibu. "Niongezee uji."

Nyumbani

Ya kurudi nayaruka. Nilitapika tena, nyinyi mnajua.

Baba Mdogo Salumu alikuja siku ile ile tuliyofika. Nikasimulia uani, mbele ya mume wangu, majirani na watoto, kama nilivyosimulia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Picha?"

"Simu ilianguka baharini, Baba Mdogo."

Akajipiga paja. "Jamani, sasa wamekuwa wawili! Ugonjwa unaambukiza huu!" Watu wakacheka, hata mume wangu, ambaye tulikuja kuzungumza naye baadaye. Swaumu alikuwa ameinamisha kichwa.

Bi Mgeni akaweka kikombe chini. "Salumu. Tangu lini mama mkwe akamsemea uongo mkazamwana wake?"

Akaninyooshea kidole.

"Unanijua. Chai yake sijawahi kuisifu. Mchuzi wake sijausifu. Anavyowasuka wajukuu zangu wale, wanaonekana kama wamefukuzwa." Watu wakatikisa vichwa, kwa sababu ni kweli, hajawahi kusifu. "Mimi sikuwepo ufukweni, nilikuwa kitandani. Lakini namwambia kila aliye hapa, huyu hasemi uongo."

Baba Mdogo akamtazama mume wangu, mume wangu akatazama mbingu. Mwishowe akajikohoza, akavaa tena ushemeji wake.

"Haya, shemeji. Na huyo kiboko wako hajambo?"

Bi Mgeni hakugeuza shingo. "Hajambo," akasema, nami nikadakia pamoja naye, "anakusalimia."

Swaumu akainua kichwa. Akakokota kigoda chake mpaka miguuni kwa bibi yake. "Bibi, koo bado linauma?"

"Limepona," Bi Mgeni akasema. "Kaa."